Daftari la Wesha

Kila saa naandika.
Saa moja usiku, hesabu ya kawaida. Saa mbili imepanda:
watu wameingia ndani, Chake Chake inapika,
Wete inapiga pasi sare za skuli,
na Mkoani kuna harusi, najua,
sindano ya mita imeruka kama mtu aliyefinywa.

Umeme huu tunaununua.
Unapita chini ya maji kutoka Tanga
ndani ya waya mnene kama paja,
na haulowi.
Na Tanga nako si kwao.
Niliwahi kuuliza kwa simu, usiku, ili nisisinzie:
"Huu wa leo wa wapi?"
Mwenzangu wa upande wa pili akacheka.
"Dada, umechanganyika. Mito yetu imo, gesi ya kusini imo,
na wa majirani umo, siku tukipungukiwa.
Utautenga vipi? Chuja chai utoe sukari."

Basi unavuka mipaka bila kugongwa muhuri.
Karafuu yetu haivuki hivyo:
hupepetwa, hupimwa, huandikwa,
na anayekamatwa nayo gizani hulala ndani.
Tunatoa harufu, tunaletewa mwanga,
na bei, ya kile na ya hiki,
hupangwa na watu wasioijua Wesha.
Mama hubonyeza tarakimu ishirini za Tukuza
taratibu, kama anayesoma uradi.
Akikosea moja, huanza upya.

Baba yangu, Faki Asaa, alikuwa fundi wa jenereta hapa hapa.
Miaka ishirini na mitatu alilala na ule mngurumo
kama mtoto anavyolala na moyo wa mama yake.
Alijua kwa sikio: "Nozeli ya tatu inakohoa."
Dizeli nayo ilikuwa ya kununua, hilo hakulitaja;
ilinuka mikononi mwake hata siku ya Idi.
Siku waya ulipowashwa wakubwa walikata utepe,
watoto wakapewa soda,
injini ikazimwa,
na baba hakulala siku tisa.
"Kimya kinanipigia kelele," alimwambia mama.
Mama akamwashia feni.

Jumatano moja njia ilikatika, huko huko ng'ambo.
Kisiwa kizima, giza totoro.
Nikashika simu: Tanga, haloo, Tanga.
Nikasikia viatu vya mpira ukumbini.
Baba, miaka sabini na sita, kikoi na tochi,
amekuja kwa miguu kutoka Tibirinzi.
Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja bandani,
akamwekea injini kiganja
kama anayempima mgonjwa homa.
"Yuko baridi. Ana mafuta?"
"Hana, baba. Hana tangu sijaolewa."
Akavua shati, akaifuta saa ya shinikizo
mpaka kioo kikamwonesha uso wake.

Nikarudi mezani. Daftari halisubiri.
Saa tano: sifuri.
Saa sita: sifuri.
Akasimama nyuma yangu, anasoma, midomo inacheza.
"Hii sifuri ndiyo nini?"
"Ndiyo tuliyonunua."
"Kwa hiyo usiku huu hatudaiwi."
"Hatudaiwi."
Akakaa juu ya ndoo, akacheka kidogo,
kicheko cha mtu aliyeona deni likipita mlangoni pake
bila kupiga hodi.
Tukakaa hivyo, sisi na mbu.
Mbali, labda hospitali, kijenereta kikaanza kunguruma.
Akakitegea sikio.
"Nozeli," alisema.

Saa saba kasorobo taa zikarudi, zikatukuta tumekunja nyuso.
Mita ikaruka: kisiwa kizima kilikuwa kimesahau swichi.
Baba akavaa shati lake, grisi tupu.
"Andika," akasema, "andika basi,
usije ukawapunja watu wa watu."